Ampia za Mota: Namna ya Kuzipima kwa Vifaa Vichache

Swali linakuja kwa sura nyingi. Mwenye mashine ya kusaga anasema mota yake imesukwa upya mara mbili na bado inachemka. Mwenye pampu ya kisima anasema ovalodi inakata karibu kila jioni. Seremala anataka kununua mota iliyotumika na hajui ataitambuaje kama ni nzima. Wote nawajibu neno moja kabla ya jingine lolote: pima ampia mota ikiwa kazini, kisha zilinganishe na zile zilizoandikwa kwenye kibati chake. Bila namba hiyo fundi anakisia, na wewe unalipia makisio yake.

Najua pingamizi la kwanza: "Fundi wangu akiigusa mota kwa kiganja anajua." Hajui. Mota nyingi za siku hizi zimetengenezwa zivumilie joto kali ndani, na ganda lake likifika nyuzi 70 inaweza kuwa salama kabisa, ilhali hakuna kiganja kinachoweza kutulia juu ya chuma cha joto hilo. Kwa upande mwingine, koili inaweza kuanza kuungua wakati ganda nene bado ni la vuguvugu. Mkono hudanganya pande zote mbili.

Pingamizi la pili ni kwamba vifaa ni ghali. Hilo tutalijibu hatua kwa hatua, kuanzia mwenye klampu mita hadi asiye na chochote ila simu.

## Kabla ya kushika chochote

- Boksi la starta likifunguliwa, ndani mna volti 400. Kuunganisha na kukaza waya humo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA kwa Tanzania, au ya mamlaka ya nchi yako. Wewe unaweza kusimama, ukasoma na kuandika.
- Vua pete, saa na mkufu. Vaa viatu vikavu vya soli ya mpira.
- Mkanda na puli vifunikwe. Macho yako yatakuwa kwenye mita, na hapo ndipo shati hunaswa.
- Lakiri ya mita ya umeme isiguswe. Hakuna njia hata moja hapa inayodai uikate.

## Soma kibati kwanza

Kipanguse vumbi la unga na usome haya:

- kW au HP. HP moja ni wati 746, kwa hiyo mota ya HP 10 ni kilowati 7.5.
- V na A. Mara nyingi zimeandikwa kwa jozi, kwa mfano 230/400 V na 26/15 A. Ampia kubwa ni za volti ndogo. Ukiwa kwenye fezi tatu za volti 400, yako ni ile ndogo.
- cos φ. Iandike pembeni, utaihitaji mbele.
- S1. Maana yake mota inaweza kufanya kazi mfululizo. Ukikuta S2 au S3, mota hiyo inahitaji kupumzishwa, hata kama ampia zake hazijazidi.

Kibati kimeng'olewa au kimepakwa rangi? Chukua futi ya kupimia. Pima kutoka chini ya miguu ya mota hadi katikati ya shafti. Kwa mota za fezi tatu zilizotengenezwa kwa vipimo vya kimataifa, zinazozunguka takribani mara 1,450 kwa dakika, urefu huo unakupa ukubwa: milimita 90 ni kilowati 1.1 au 1.5; 100 ni 2.2 au 3; 112 ni 4; 132 ni 5.5 au 7.5; 160 ni 11 au 15. Mota za zamani au za vipimo vya Marekani hazifuati mpangilio huu.

Kisha tumia kanuni ya mafundi: fezi tatu kwa volti 400, kila kilowati hula ampia 2 hivi. Fezi moja kwa volti 230, kila kilowati hula ampia 6 hadi 7. Mota ya kilowati 15 ya fezi tatu itatarajiwa kula ampia 28 mpaka 30 ikibeba mzigo wake wote.

## Njia ya kwanza: klampu mita

Ukiwa na uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, nunua hiki. Kinakumbatia waya kwa nje, hukati wala hufungui kiungo. Ya bei nafuu inatosha kabisa kwa mota inayopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye starta.

1. Weka swichi kwenye A yenye alama ya wimbi. Anza na kiwango kikubwa.
2. Fungua taya, ingiza waya mmoja tu wa fezi, acha taya zifunge kabisa. Hata kipande kidogo cha uchafu kati ya taya hushusha kipimo.
3. Waya ukae katikati ya taya, mbali na waya nyingine.
4. Soma ampia mota ikiwa imetulia kazini. Rudia kwa kila fezi.
5. Papo hapo pima volti kati ya fezi na fezi, uziandike pembeni mwa ampia.

Hatua ya tano ndiyo watu huiruka. Mwisho wa laini ya kijijini, saa za jioni, volti 400 zinaweza kushuka sana. Zikifika 340 huku mahindi yakimiminwa kwa kasi ile ile, mota hulazimika kuvuta ampia zaidi kwa karibu asilimia 18 ili ifanye kazi ile ile. Yule mwenye pampu inayokata jioni aanzie hapa. Pampu yake huenda haina kosa lolote.

### Makosa ninayokutana nayo zaidi

Kubana kebo nzima. Ukikumbatia fezi na nyutro pamoja, au fezi zote tatu pamoja, mita inasoma sifuri au karibu na sifuri, na mtu anaondoka akiamini mota haivuti umeme. Kwa pampu yenye plagi, tengeneza kebo fupi ya kuunganishia ambayo ganda lake la nje limechunwa kwa urefu wa kiganja, kila waya wa ndani ukibaki na plastiki yake nzima. Bana ule wa laivu peke yake.

Kupima mota ndogo na kuamini namba. Klampu ya ampia 400 haisomi vizuri ampia 0.8. Pitisha waya huo huo ndani ya taya mara 10, kisha gawanya namba kwa 10. Hesabu mara ambazo waya umepita *ndani* ya taya, usihesabu mizunguko ya nje.

Kutumia klampu ya umeme wa gridi kwenye pampu ya sola. Nyingi za bei ya chini husoma umeme wa wimbi tu. Kama kwenye swichi hakuna A yenye mstari ulionyooka, kwa pampu inayotumia umeme wa betri au paneli moja kwa moja hiyo si mita yako.

Starta ya sta-delta. Hili nalikazia kwa sababu limeunguza mota nyingi za mashine za kusaga. Mota za kilowati 11 na 15 mara nyingi huwashwa kwa starta yenye kontakta tatu, na waya zinazokwenda kwenye mota ni sita badala ya tatu. Mota ikishahamia delta, kila waya kati ya hizo sita hubeba asilimia 58 tu ya ampia zilizoandikwa kwenye kibati. Mtu anabana mmoja, anasoma 22, anatazama kibati kinachosema 29, anafurahi. Lakini 22 kwenye waya huo ni sawa na ampia 38 kwenye laini. Mota inakufa huku namba ikionekana nzuri.

Kwa hiyo, penye waya sita, bana zile tatu *zinazoingia* kwenye starta. Kama huwezi kuzifikia, gawanya kipimo chako kwa 0.58 kabla ya kulinganisha.

## Pima wakati gani?

Kipimo cha mashine tupu peke yake hakikuambii kama mota imezidiwa. Mota ya fezi tatu isiyo na mzigo kwa kawaida hula robo hadi nusu ya ampia za kibati, na zile ndogo hula zaidi ya hapo. Wengi hupima hapo, wanaona ampia 10, wanafunga boksi.

Pima mashine ikisaga. Mwambie anayemimina asipunguze kasi kwa sababu unapima. Amimine kama anavyomimina siku ya foleni ndefu, mahindi yale yale yenye unyevu ule ule wanaoleta wateja. Kwa pampu, pima maji yakiwa yanatoka kwa kawaida, dakika kama tano baada ya kuwasha. Kwa msumeno, pima ubao mgumu ukiwa katikati ya kupasuliwa.

Namba kubwa unayoiona mara mota inapowashwa usiitumie. Ni ampia za kuanzia, mara 5 hadi 8 ya za kawaida, na hupita kwa sekunde chache. Zisipopita haraka, zima: kuna kitu kimekwama au fezi moja haipo.

## Njia ya pili: taa ya mita ya LUKU na simu yako

Huna klampu? Ukutani au kwenye nguzo una kipimo kizuri kuliko unavyodhani. Mita za LUKU, na zile za tokeni huko Kenya, zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Usoni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh.

1. Zima kila kitu kingine kinachopita kwenye mita hiyo: taa, friji, chaja, redio. Taa ya mita isipopepesa kwa dakika moja, uko tayari.
2. Washa mashine, mimina mzigo, acha itulie.
3. Fungua saa ya sekunde kwenye simu. Taa ikipepesa sema "sifuri" na uanze saa. Endelea hadi 20, simamisha. Anayeanza na "moja" anapoteza mpepeso mmoja na kupata jibu la uongo.
4. Zidisha mipepeso kwa 3600. Gawanya kwa sekunde ulizopata, kisha gawanya kwa namba ya imp/kWh. Jibu ni kilowati.

Tuseme mita ni ya 1000 imp/kWh na mipepeso 20 imechukua sekunde 26. Mara 3600 ni 72,000. Gawa kwa 26, gawa kwa 1000, unapata kilowati 2.77. Sasa ampia:

- Fezi moja: wati gawa kwa volti, gawa kwa cos φ. Wati 2,770 kwa volti 230 na cos φ 0.95 ni ampia 12.7. Volti zikiwa 210, wati zile zile zinakuwa ampia 13.9. Kama kibati kinasema 14, umefika ukingoni.
- Fezi tatu: wati gawa kwa 1.73, gawa kwa volti za fezi kwa fezi, gawa kwa cos φ. Usipoijua cos φ, tumia 0.85.

Mota kubwa hupepesa taa haraka kuliko jicho. Mota ya kilowati 15 kwenye mita ya 1000 hupepesa mara nne na zaidi kwa sekunde. Rekodi video ya mwendo wa taratibu kwa simu, kisha hesabu ukiwa umekaa.

Njia hii ina mipaka mitatu. Haifai kwa mota tupu, kwa sababu cos φ huporomoka na jibu litakuwa dogo mno. Kwa fezi tatu inakupa wastani tu, haikuonyeshi fezi iliyozidiwa. Na usipopima volti, jibu lako ni la kukadiria. Hata hivyo inatosha kabisa kukuambia kama mota ya ampia 14 inakula 13 au 19.

Baadhi ya mita za tokeni pia zina namba fupi za kubonyeza zinazoonyesha mzigo wa wakati huo. Hutofautiana kwa kila aina ya mita, kwa hiyo waulize waliokufungia.

## Pampu ndogo za sola: waya mmoja na multimita

Hii ni kwa pampu za volti 12 na 24 pekee. Usiifanye kwenye umeme wa gridi.

Kata mita moja kamili ya waya wa shaba wa milimita 2.5, ule wa kuwekea soketi za nyumbani. Zima pampu, unganisha waya huo katikati ya njia ya hasi, kabla ya kontrola ya pampu kama ipo. Washa. Weka multimita kwenye milivolti za umeme ulionyooka, kisha gusa ncha mbili za waya wenyewe, si skrubu zilizoushika. Kila milivolti 7.4 ni ampia moja. Ukisoma milivolti 37, pampu inakula ampia 5, sawa na wati 60 kwa volti 12. Waya wa milimita 4 hutoa milivolti 4.6 kwa ampia.

Kwangua ncha kwa kisu kwanza. Ikionekana nyeupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba na hesabu yote itakwenda mrama.

## Multimita kwenye tundu la 10 A: usifanye kwenye mota ya gridi

Wengi wameuliza kama wanaweza kupitisha umeme wa mota ndani ya multimita yao. Nawasihi msifanye hivyo. Ampia za kuanzia peke yake zinaweza kuichoma, na kwenye mita nyingi za bei ndogo tundu la 10 A halina fyuzi. Hatari kubwa zaidi huja baadaye: mtu anasahau waya kwenye tundu la ampia, anakwenda kupima volti za soketi, na mita inalipuka mkononi kwa sababu ameunganisha fezi na nyutro moja kwa moja.

## Namba zinasema nini?

Ampia zimezidi, fezi zote sawa. Mzigo ni mkubwa au volti ni ndogo. Kwa mashine ya kusaga angalia chekeche lenye matundu madogo kuliko lile ulilokuwa ukitumia, nyundo zilizolika, mahindi mabichi, mkanda uliokazwa kupita kiasi, na puli iliyobadilishwa ili mashine ikimbie zaidi. Puli kubwa kwenye mota ni sababu ninayoishuku mapema, kwa kuwa mwenye mashine huwa anaisifia.

Fezi hazilingani. Jumlisha tatu, gawa kwa tatu, tazama iliyo mbali zaidi na wastani. Ukisoma 26, 28 na 33, wastani ni 29 na tofauti ni 4, karibu asilimia 14. Ikizidi asilimia 10, simamisha kazi utafute chanzo. Pima volti kwanza, kwani tofauti ndogo ya volti huleta tofauti ya ampia kubwa mara kadhaa.

Kujua kama kosa ni la umeme au la mota, fundi azime swichi kuu, ahakikishe hakuna umeme, kisha asogeze waya tatu zinazoingia kwenye starta nafasi moja: wa kwanza uende wa pili, wa pili uende wa tatu, wa tatu urudi wa kwanza. Zikisogezwa zote tatu, mzunguko wa mota haugeuki. Pima tena. Ampia kubwa ikibaki kwenye fezi ile ile ya umeme, wapigie watu wa umeme. Ikibaki kwenye waya ule ule wa mota, tatizo liko kwenye koili au kwenye starta.

Fezi moja ni sifuri, mbili zimepanda. Zima mara moja. Fyuzi imekatika, kontakta imeungua mdomo mmoja, au laini imepoteza fezi. Mota yenye mzigo ikiendelea kuzunguka hivyo huungua kwa muda mfupi sana.

Ampia za pampu ni ndogo kuliko kawaida. Usifurahi haraka. Mara nyingi kisima kimekauka, pampu inavuta hewa, au shafti imekatika.

## Ovalodi inapokata, usiipandishe

Kile kitufe cha kuzungusha kina namba za ampia. Kiwekwe kwenye ampia za kibati, au asilimia 58 ya hizo kama ovalodi imefungwa kwenye waya sita za sta-delta. Fundi anayekipandisha ili "isikukatie wateja" ameondoa kinga ya mwisho ya mota yako. Kama imekata, imekuonyesha kwamba ampia zimezidi au kwamba kiungo chake kimelegea na kinachemka. Pima ujue ni lipi.

## Mota iliyotoka kusukwa, au ya mtumba

Usiichukue kabla ya kuiona ikizunguka tupu kwa nusu saa pale pale kwa fundi. Bana fezi zote tatu. Zilingane, na kwa mota ya kilowati 4 na kuendelea zisizidi sana nusu ya ampia za kibati. Ikiwa mota ya ampia 15 inakula 12 ikiwa tupu, kuna uwezekano mkubwa aliyeisuka amepunguza mizunguko ya waya, au chuma cha ndani kimeharibika kwa kuchomwa moto wakati wa kutoa waya za zamani. Irudishe siku hiyo hiyo. Ukiifunga kwenye mashine na ikaungua, utaambiwa uliizidishia mzigo.

Ikikubalika, andika ampia zake tupu na ampia zake ikisaga, pamoja na volti na tarehe, kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa mlango wa boksi la starta. Rudia kipimo kila mwezi, na kila unapobadili nyundo, chekeche au beringi.